Barua ya wazi kwa wahariri: mnatuhesabia ndege, umbali hamuuhesabu

Kwa Waheshimiwa Wahariri Wakuu na wasimamizi wa vipindi vya habari za kimataifa katika redio, televisheni na magazeti ya Kiswahili,

YAH: UCHAMBUZI WENU WA VITA BAINA YA DOLA KUU NA MATAIFA YALIYOJIZATITI

Ndugu Wahariri,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, msikilizaji na msomaji wenu wa miaka mingi, na ninaandika hadharani kwa sababu njia ya faragha imeshindikana. Barua yangu ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika chombo kimoja ambacho sikusudii kukitaja, ikagongwa muhuri wa mapokezi na habari yake ikaishia hapo. Ya pili na ya tatu nilizituma kwa barua pepe, nikajibiwa kwamba maoni yangu yanafanyiwa kazi. Nilipopiga simu, kijana mmoja mwenye adabu aliniambia kwamba kipindi kile kinapendwa na hapakuwa na sababu ya kukibadili. Kijana yule simlaumu, kwa kuwa hakuwa na mamlaka, ninyi mnayo.

Malalamiko yangu ni haya. Kila mvutano unapozuka baina ya dola kuu na taifa lenye nguvu katika kanda yake, mnatuwekea jedwali: ndege za kivita ngapi kwa ngapi, manowari ngapi kwa ngapi, bajeti ya ulinzi ya huyu na ya yule. Kisha mchambuzi huulizwa vita vitachukua siku ngapi, naye hulitupia jicho jedwali na kutaja siku, au akiwa mwangalifu sana, wiki. Takwimu za jedwali hilo mara nyingi ni sahihi. Lakini ndege elfu moja zilizoegeshwa upande wa pili wa dunia si ndege elfu moja zilizo juu ya mji unaoshambuliwa, na katika pengo lililo kati ya hesabu hizo mbili ndimo vita vyenyewe vilimo. Hoja zangu nimezipa namba ili mtakaponijibu, kama mtanijibu, tusipoteane.

1. Umbali hamuuhesabu.

Mwaka 1982 Uingereza ilitaka kuiharibu njia ya kurukia ndege ya Port Stanley, katika visiwa vya Falkland vilivyokuwa vimetwaliwa na Argentina. Kutoka kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, ambako ndege zake ziliondokea, hadi huko ni zaidi ya kilomita 6,000. Ili ndege moja tu ya mabomu, ya aina ya Vulcan, ifike na kurudi katika shambulio la kwanza, zilihitajika ndege 11 za kubeba mafuta, baadhi yake zikizijaza mafuta ndege nyingine za mafuta, na kati ya mabomu 21 yaliyodondoshwa ni moja lililoipata njia yenyewe. Uingereza ya wakati ule haikuwa tena dola kuu, nakubali, lakini hesabu ya mafuta haichagui bendera. Juni 2025 Marekani ilipopeleka ndege saba za mabomu za B-2 kutoka Missouri kwenda kuipiga mitambo ya nyuklia ya Iran, safari ya kwenda na kurudi ilichukua takriban saa 37. Kazi ya namna hiyo hufanyika usiku mmoja kwa ustadi wa kustaajabisha. Kuirudia kila usiku kwa miezi miwili ni jambo jingine kabisa.

Wachambuzi wenu hupenda kuturejesha kwenye vita vya Iraq vya 1991, ambavyo mapigano yake ya nchi kavu yalimalizika kwa saa 100. Wanachokiacha ni kwamba kabla ya saa hizo 100 palikuwa na zaidi ya majuma matano ya mabomu, na kabla ya mabomu palikuwa na miezi mitano ya matayarisho, kuanzia Agosti 1990, ambapo Marekani ilishusha askari zaidi ya 500,000 na shehena zao katika bandari na viwanja vya kisasa vya Saudi Arabia huku Saddam Hussein akitazama. Taifa lolote lililojizatiti limelisoma somo hilo. Leo bandari ya kushushia mizigo huwa ndani ya masafa ya makombora ya mlinzi tangu siku ya kwanza, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mlinzi atakubali kungoja mgeni apange vyombo vyake.

2. Viwanja vya ndege vya dola kuu aghalabu si vyake.

Tarehe 1 Machi 2003 Bunge la Uturuki lilipigia kura ombi la Marekani la kupitisha wanajeshi wake kwenda kaskazini mwa Iraq. Wabunge 264 walikubali, 250 walikataa na 19 hawakuegemea upande wowote, hivyo ombi halikufikisha wingi uliotakiwa, yaani zaidi ya nusu ya wabunge wote waliohudhuria. Zana za divisheni nzima, zilizokuwa zimeshafika Bahari ya Mediterania melini, zikalazimika kuzungushwa kupitia Suez hadi Kuwait. Mwaka 1986 Ufaransa na Uhispania zilikataa anga zao zitumiwe kwenda kuishambulia Libya, na ndege zilizotoka Uingereza zikalazimika kuizunguka rasi ya Iberia na kupitia Gibraltar. Hao walikuwa marafiki. Jirani wa taifa linaloshambuliwa ana sababu kubwa zaidi ya kusita, kwa maana anayeazima kiwanja chake hukiweka kwenye orodha ya shabaha: tarehe 23 Juni 2025 Iran iliirushia makombora kambi ya Al Udeid, iliyoko Qatar, nchi ambayo haikuwa na ugomvi nayo.

3. Mnadhani ulinzi wa anga ni kuangusha ndege tu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kosa linapojirudia zaidi. Mchambuzi akisikia mitambo ya mlinzi imeangusha ndege mbili tu, husema mitambo hiyo haina maana. Ulinzi wa anga hufanya kazi hata pale usipoangusha kitu. Yugoslavia ilishambuliwa na NATO kwa siku 78 mwaka 1999. Mitambo yake ilikuwa ya Kisovieti na ya zamani. S-125, iliyoiangusha F-117, ndege iliyoundwa isionekane kwa urahisi kwenye rada, usiku wa tarehe 27 Machi, ilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Makamanda wake waliihamisha mara kwa mara na kuiwasha rada kwa sekunde chache tu, kisha kuizima. Ndege zilizopotea zilikuwa chache mno. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya kampeni hiyo marubani wa NATO waliagizwa wasishuke chini ya mita 4,500 hivi, na kutoka juu huko ni vigumu kutofautisha kifaru na kinyago cha kifaru. Rada moja isiyojulikana ilipo huwalazimisha washambuliaji kusindikizwa na ndege za kuvuruga mawasiliano, ndege za kuwinda rada na ndege za mafuta, kila safari, hata kama rada hiyo imezimwa na wahudumu wake wamelala.

Na zikija kuanguka, huanguka. Mnamo Desemba 1972, katika mashambulizi ya siku 11 dhidi ya Hanoi na Haiphong, huko Vietnam Kaskazini, Marekani ilipoteza ndege 15 kubwa za mabomu za B-52, kwa hesabu yake yenyewe, na nyingi kati yake zilipotea kwa sababu wapangaji waliendelea kuzipitisha njia ile ile kwa urefu ule ule usiku baada ya usiku.

Sitaki kuwa kama wachambuzi wenu kwa upande wa pili. Ulinzi wa anga unaweza kuvunjwa, na umewahi kuvunjwa vibaya: Israel iliisambaratisha mitambo ya Syria katika bonde la Bekaa, Lebanon, tarehe 9 Juni 1982 kwa mchana mmoja, mtandao wa Iraq ulipofushwa mwanzoni mwa 1991, na anga ya Iran ilikuwa wazi mno katika siku 12 za vita vyake na Israel, Juni 2025. Ninachodai ni kwamba msikilizaji aambiwe kuvunjwa huko kuligharimu nini na kulitayarishwa kwa muda gani, na kwamba anga ikishafunguka kazi ndiyo kwanza inaanza.

4. Bahari mnaisahau, nayo ndiyo inayoifikisha vita hiyo mifukoni mwa watu.

Mlango Bahari wa Hormuz, kati ya Iran na Oman, una upana wa takriban kilomita 33 palipo pembamba zaidi, na njia zenyewe za meli ni nyembamba zaidi ya hapo. Mwaka 2024 palipita wastani wa mapipa milioni 20 ya mafuta kwa siku, yaani karibu moja ya tano ya matumizi ya dunia nzima. Si lazima taifa lililo kandoni liwe na jeshi kubwa la majini ili kuivuruga njia hiyo. Tarehe 14 Aprili 1988 manowari ya Marekani, USS Samuel B. Roberts, iligonga bomu la majini lililotegwa na Iran. Bomu hilo lilikuwa la muundo uliobuniwa mwaka 1908, na gharama yake ilikadiriwa kuwa dola 1,500 hivi. Matengenezo ya manowari yaligharimu takriban dola milioni 90. Siku nne baadaye Marekani ililipiza kisasi na kuzamisha meli za kivita za Iran, na katika jedwali lenu huo ungeandikwa ushindi mnono. Lakini mwenye meli ya mafuta na kampuni inayomkatia bima hawaulizi nani kashinda. Huuliza kama njia imesafishwa mabomu yote, na kazi ya kusafisha mabomu ya majini ni ya polepole kuliko kazi zote za kijeshi.

Marekani yenyewe iliwahi kujifanyia mtihani wa jambo hili. Katika zoezi kubwa la mwaka 2002 lililogharimu dola milioni 250 hivi, jenerali mstaafu Paul Van Riper alikabidhiwa nafasi ya adui, taifa la Ghuba lisilotajwa jina. Alituma maagizo kwa wapanda pikipiki ili yasinaswe hewani, akashambulia kwa makombora mengi kwa mkupuo mmoja pamoja na boti ndogo, na kwa mujibu wa hesabu za zoezi meli 16 zikazama. Wasimamizi wakaziibua kutoka chini ya bahari na zoezi likaendelea. Baharini kwa kweli hakuna wasimamizi wa namna hiyo, kama ilivyogundua Urusi tarehe 14 Aprili 2022, ilipoipoteza Moskva, meli kuu ya kikosi chake cha Bahari Nyeusi, baada ya kupigwa makombora mawili yaliyorushwa kutoka nchi kavu na Ukraine, taifa ambalo wakati huo lilikuwa halina jeshi la majini la kutaja.

Tena shabaha si lazima iwe meli. Tarehe 14 Septemba 2019 ndege zisizo na rubani na makombora vilipiga mitambo ya mafuta ya Abqaiq na Khurais, Saudi Arabia, na takriban nusu ya uzalishaji wa nchi hiyo ikasimama kwa muda, ilhali nchi yenyewe ilikuwa na mitambo ya ulinzi ya bei mbaya iliyonunuliwa Marekani.

5. Ghala lina mwisho.

Kabla ya uvamizi wa Urusi nchini Ukraine mwaka 2022, viwanda vya Marekani vilikuwa vikitengeneza takriban mizinga 14,000 ya milimita 155 kwa mwezi. Nasema mizinga kwa maana ya risasi zake, si bunduki kubwa zenyewe. Katika vita vile kiasi hicho kiliweza kumalizika kwa siku chache. Manowari ya kisasa ya Marekani ya aina ya Arleigh Burke ina nafasi za makombora 90 na kitu, na zikiisha kwa kawaida hulazimika kurudi bandarini kujazwa, pengine safari ya siku kadhaa. Kombora la kuzuia kombora hugharimu dola milioni kadhaa, wakati ndege isiyo na rubani inayozuiwa inaweza kugharimu makumi ya maelfu tu. Kuanzia tarehe 15 Machi hadi 6 Mei 2025 Marekani iliwashambulia Wahuthi wa Yemen, kundi ambalo hata si dola, ili kuifungua Bahari ya Shamu. Kampeni ilimalizika kwa makubaliano yaliyosimamiwa na Oman, na Wahuthi wakabaki na makombora ya kuirushia Israel. Sijasikia kipindi kimoja kilichouliza: kama ni hivyo kwa kundi, itakuwaje kwa taifa lenye viwanda?

6. Vilivyofichwa havionekani kwenye jedwali.

Mwaka 1991, anga ikiwa mali yao kabisa, ndege za muungano ulioongozwa na Marekani ziliwinda magari ya kurushia makombora ya Scud katika jangwa tupu la Iraq, na uchunguzi rasmi uliofanywa baadaye haukupata uthibitisho usio na shaka kwamba ziliharibu hata gari moja. Tarehe 25 Februari, siku tatu kabla ya vita kwisha, Scud moja iliua wanajeshi 28 wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Hilo lilikuwa jangwa. Fikirini milima na mahandaki.

7. Hakuna anayeuliza vita vinaishaje.

Iran, mfano mnaoupenda, ina eneo la takriban kilomita za mraba milioni 1.65, karibu mara nne ya Iraq, milima ya Zagros imeikinga upande wa magharibi, na watu wake ni karibu milioni 90. Iraq ya 2003 ilikuwa na watu milioni 25 hivi, na miaka minne baada ya Baghdad kuangushwa kwa majuma matatu Marekani ilikuwa bado na askari wapatao 170,000 nchini humo. Kwa hiyo mchambuzi anaposema “siku kumi”, tafadhali muulizeni: siku kumi za kufikia nini? Kuharibu kiwanda, kulazimisha mkataba, kuangusha serikali na kuikalia nchi ni kazi nne tofauti, na zana zinazotosha kwa ya kwanza hazikaribii ya nne. Hata ya kwanza ina utata wake: miezi kadhaa baada ya mabomu ya Juni 2025, wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walikuwa bado hawajaweza kuthibitisha ziliko zaidi ya kilo 400 za urani ya Iran iliyorutubishwa hadi asilimia 60.

8. Lugha.

Hili linaniuma kama mwalimu. Kila kinachorushwa ninyi mnakiita kombora: kinachopanda hadi nje ya angahewa na kushuka, kinachoruka chini chini kama ndege, na hata kile kinachorushwa kwenda kuvizuia hivyo viwili. Msikilizaji anaambiwa “makombora yalizuia makombora” na kuachwa ajitafutie maana. Wakati huo huo maneno ya uwanja wa mpira yamejaa tele: kichapo, mchezo wa marudiano, kupigwa nyumbani, dakika za nyongeza. Kiswahili kina uwezo wa kueleza vita kama vita. Mkitumia maneno ya mechi, watu hushangilia kama kwenye mechi.

Najua mtakayosema. Mtasema muda wa kipindi ni dakika chache. Ni kweli, lakini jedwali nalo linakula dakika hizo hizo. Mtasema habari hizi mnazipata kwa mashirika ya nje na kazi yenu ni kutafsiri. Mbona basi mchambuzi wa studioni ni wenu, na swali la “siku ngapi” ni la mtangazaji wenu? Mtasema kwamba ukieleza ugumu unaomkabili mshambuliaji utaonekana unamshabikia anayeshambuliwa. Hii ndiyo hoja nzito zaidi, na sitaidharau. Wapo watu huku nje ambao kila dola kuu ikikwama hufurahi, na wangeichukua kila hoja yangu kuwa bendera yao. Lakini taifa lenye ulinzi imara linaweza pia kuwa na serikali katili, na kueleza kwamba kuishambulia ni kugumu si kuipa cheti cha tabia njema. Tena anayedhuriwa zaidi na bashiri ya “siku tatu” ni raia wa nchi hiyo, ambaye huachwa peke yake na dunia iliyozima redio siku ya nne.

Wengine wataniambia kwamba Juni 2025 imenikanusha, kwa kuwa Marekani ilipiga ikaondoka bila kupoteza ndege hata moja. Nimeshasema kwamba ilikuwa kazi ya ustadi. Ilikuwa pia uvamizi wa usiku mmoja uliofanywa baada ya Israel kuudhoofisha ulinzi kwa siku tisa, wenye shabaha tatu, na siku mbili baadaye mapigano yakasitishwa. Ni vibaya kuchukua kipimo cha shambulio la namna hiyo na kukitumia kupima vita.

Kwa hiyo naomba haya, na nayaomba kwa vyombo vyote, si kile kimoja tu:

Kwanza, jedwali la silaha lisionyeshwe peke yake. Liambatane na ramani inayoonyesha umbali, viwanja vilivyopo, ni vya nani, na kama mwenyewe ameshakubali vitumike.

Pili, mchambuzi yeyote anayetaja muda wa vita atakiwe, hapo hapo hewani, kutaja lengo linalokusudiwa kufikiwa ndani ya muda huo.

Tatu, bashiri zihifadhiwe na zirejewe. Aliyesema Februari 2022 kwamba Kyiv ingeanguka kwa siku tatu aulizwe leo alikosea wapi, kwa heshima na bila kumzomea, kwa sababu jibu lake litatufundisha kuliko bashiri nyingine mpya.

Nne, wahariri wa lugha wakae na watangazaji wakubaliane juu ya majina ya aina za makombora, kisha wayatumie bila kuyachanganya.

Tano, barua za wasikilizaji zijibiwe. Mihuri ya mapokezi ninayo ya kutosha.

Niko tayari kuitwa kwenye kipindi chochote, hata cha usiku wa manane, na hata kuketi na mchambuzi asiyekubaliana nami. Nitasubiri mwezi mmoja kabla ya kuziwasilisha hoja hizi kwenye mamlaka inayosimamia utangazaji.

Wenu katika kufuatilia habari,

Mwalimu mstaafu wa historia